Kompyuta ya Kurikodia Udi wa Ami



Tangu zilipowafikia nyimbo za Ami, Idi ya mwaka 2024, simu hazikatiki, na takriban kila anayepiga anauliza masuala mawili: zimerikodiwa studio gani, na kwa kiasi gani? Wahariri wa kitabu chetu wameona ni bora nijibu mara moja kwa wote. Hapana studio. Nyimbo zimerikodiwa katika chumba cha wageni cha nyumba yangu hapa Maskati, kwa kompyuta tuliyoiunda wenyewe mwaka 2023, mimi na mtoto wa dada yangu anayekaa Dubai. Wahariri wametaka nieleze ilivyoundwa. Nitaeleza, lakini nitakaa zaidi kwenye zile wiki tatu za kuipima, kwa sababu kuunda ni kazi ya siku moja, na yeyote mwenye bisibisi na subira ataiweza. Kupima ndiko kwenye kazi yenyewe.

Kwanza sababu. Ami, kama mjuavyo, aliingia Maskati mwaka 1974 na sanduku moja la nguo na udi uliofungwa kwenye shuka. Wakati tunaanza jambo hili alikuwa na miaka 84. Nyimbo anazozijua ni za namna mbili. Kuna zile za klabu, na hizo mimi sizikhofii, kwani zina wenyewe: Ikhwani Safaa ya Unguja ni ya tangu mwaka 1905 na mpaka leo ipo, na Culture Musical Club ni ya tangu 1958. Namna ya pili ni zile za barazani na za harusi za mtaani kwetu, alizozipokea kwa marehemu Babu. Hizo hazikuandikwa pahala, wala hazikuingia kwenye santuri. Zimo kichwani mwake na vidoleni mwake, basi.

Alipotutoka ndugu yake, mpiga nai, mwaka 2020, tulitafuta sauti ya nai ile katika nyumba zote, Maskati, Portsmouth, Toronto na Unguja. Tulichopata ni dakika nne za simu, zilizochukuliwa harusini, na katika dakika hizo nai inasikika kwa taabu nyuma ya feni na mtoto anayelilia soda. Kisha mwanzo wa 2023 daktari akampangia Ami kufanyiwa operesheni ya mkono wa kushoto mwezi wa Septemba. Huo ndio mkono unaobana nyuzi. Hapana aliyeweza kutuambia vidole vitarudi vipi. Kwa hivyo tulikuwa na Juni, Julai na Agosti, na anayeijua Maskati anajua miezi hiyo ina nini.

Ami alikubali kurikodiwa, lakini kwa masharti. La kwanza, hatavaa kitu masikioni. La pili, hatarudia wimbo. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nitapiga mara moja. Mkono ukishachoka unakuwa mkono wa mtu mwengine." La tatu, hataki mashine inayovuma mbele yake. Mpwa wangu alicheka, lakini mimi niliyaandika masharti yale kwenye karatasi, na ndiyo yaliyoichora kompyuta.

Mpwa wangu alishauri tununue laptop na tumalize. Simlaumu, na nyinyi mnaotaka kurikodi sauti ya bibi akisimulia hadithi, fanyeni hivyo hivyo. Laptop yoyote ya miaka ya karibuni inatosha, na pengine simu iliyowekwa vizuri karibu na msemaji inatosha pia. Ila sisi tulikuwa na jambo la joto. Udi una sauti ndogo. Ukiweka maikrofoni ya kuusikia vizuri, maikrofoni hiyo hiyo inasikia kiyoyozi. Kwa hivyo kiyoyozi kizimwe wakati wa kurikodi. Kiyoyozi kikizimwa mwezi wa Julai, chumba kinapanda joto dakika kwa dakika, na kompyuta ndogo iliyobanwa vitu vyake ndani, ikishapata joto, inawasha feni kama ndege inayotaka kuruka. Na isipowasha, inajipunguzia mwendo ili isiungue. Tulihitaji mashine yenye nafasi ya kutosha ndani yake, itakayokaa kimya hata chumba kikiwa cha moto.

Vitu tulivinunua Dubai, katika barabara ya Khalid bin Al Waleed iliyoko Bur Dubai, ambayo watu wa huko huiita Mtaa wa Kompyuta. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, tulichagua yenye viini sita na inayotumia wati 65 tu za umeme. Zipo zenye nguvu mara mbili yake, na muuzaji alizisifu sana, lakini nguvu hiyo yote huishia kuwa joto, na joto huishia kuwa feni. Kumbukumbu gigabaiti 32. Diski mbili za aina isiyokuwa na kitu kinachozunguka ndani, moja ya terabaiti 1 kwa programu, na ya pili ya terabaiti 2 kwa nyimbo peke yake. Kadi ya picha hatukununua kabisa, kwa sababu prosesa tuliyoichagua ina uwezo wa kutoa picha wenyewe, na kadi za michezo ndizo zenye feni za kelele kuliko vyote. Juu ya prosesa tulifunga kipozeo cha mabapa ya alumini, kikubwa kama sufuria ya pilau ya watu wanane, chenye feni moja pana inayozunguka polepole. Feni pana inayokwenda taratibu inasukuma hewa sawa na feni nyembamba inayokwenda mbio, lakini haipigi mluzi. Kisanduku cha umeme ni cha aina ambayo feni yake haizunguki mpaka kazi iwe nzito. Yote pamoja, riali 265 za Kiomani.

Juu ya hayo kuna kisanduku cha sauti, na hiki ndicho nisichokubali mtu akifanyie ubahili. Kina matundu manane ya maikrofoni, na kinaunganishwa na kompyuta kwa waya mmoja wa USB. Kazi yake ni kupokea umeme mdogo unaotoka kwenye maikrofoni na kuupima mara 48,000 kwa kila sekunde, kila kipimo kikiandikwa kuwa namba. Santuri ndogo za CD zilizoingia madukani mwaka 1982 hupima mara 44,100. Hesabu hizo hazikubahatishwa. Sikio zima la kijana husikia mitikisiko mpaka kiasi cha 20,000 kwa sekunde, na ili kuushika mtikisiko lazima upime zaidi ya mara mbili yake. Kisanduku hicho pia hupeleka volti 48 kwenye zile maikrofoni zisizofanya kazi bila ya umeme wao.

Jambo moja zaidi kuhusu namba hizo. CD huandika kila kipimo kwa biti 16, na sisi tunaandika kwa biti 24. Faida yake si utamu wa sauti, msidanganywe na wauzaji. Faida yake ni kwamba unaweza kuweka sauti chini, uache nafasi kubwa juu, na usipate ule msheshe wa kaseti ukija kuipandisha baadaye. Kwa mtu atakayepiga mara moja tu, na ambaye huanza wimbo kwa kubembeleza kisha akaupiga udi kama anapasua kuni, nafasi hiyo ndiyo kila kitu.

Baadhi yenu mtadhani kazi hii inahitaji kompyuta yenye mbio kubwa. Piga hesabu. Maikrofoni moja hutoa baiti 144,000 kwa sekunde. Kwa dakika ni megabaiti 8.6. Maikrofoni nane kwa saa nzima ni kama gigabaiti 4.1. Kompyuta za miaka kumi na tano nyuma zilikuwa zikiweza hayo bila ya kutoka jasho. Shida si mbio. Shida ni kuwahi.

Kompyuta haipokei namba hizo moja moja. Inazipokea kwa mafungu, kama mtu anayeteka maji kisimani kwa ndoo. Ndoo ikiwa ndogo, maji yanafika jikoni upesi, lakini mtekaji hana nafasi ya kujibu hata salamu. Akigeuka tu, maji yamemwagika. Ndoo ikiwa kubwa, ana nafasi ya kupumua, lakini jikoni wanasubiri. Katika programu ya kurikodi unachagua mwenyewe ukubwa wa ndoo. Ndoo ya namba 64 hujaa kwa milisekunde 1.3, yaani sekunde moja ikigawanywa mafungu elfu, fungu moja na kidogo. Ya namba 128 ni milisekunde 2.7, ya 512 ni 10.7, na ya 1,024 ni 21.3. Na ndoo inapomwagika husikii maji. Unasikia "tak!" katikati ya wimbo, na sauti iliyokuwa pahala hapo haipo tena wala hairudishiki.

Sasa mtaona kwa nini sharti la Ami la kutovaa kitu masikioni lilikuwa neema kwetu. Yeye alisikia udi wake kwa hewa, kama miaka yote. Hakuwa akingoja kompyuta imrudishie sauti. Kwa hivyo kwake tulitumia ndoo kubwa ya 1,024 bila ya wasiwasi. Mwenye taabu ni mpwa wangu, anayepiga kinanda cha waya, kile ambacho chenyewe hakina sauti, sauti inazaliwa ndani ya kompyuta. Huyo akibonyeza, inabidi asikie papo hapo. Sauti katika hewa husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo kila milisekunde tatu ni kama mita moja. Mpigaji aliyechelewa milisekunde nane ni kama amekaa hatua tatu na mwenzake, na hilo halimsumbui mtu, ndivyo wanavyokaa jukwaani. Akichelewa milisekunde hamsini, amekaa upande wa pili wa barabara.

Kwenye kinanda hicho kuna tatizo jengine, ingawa halihusu mashine yetu peke yake. Lugha wanayozungumza vinanda na kompyuta, MIDI, ilitoka mwaka 1983, na ilijengwa juu ya sauti kumi na mbili za piano. Maqamu ya Rasti na Bayati yana sauti zinazokaa katikati ya vibao vya piano. Udi hauna vigezo shingoni, kidole kinakwenda kinapotaka. Kinanda inabidi ukishushe baadhi ya sauti zake kwa nusu ya nusu kabla ya kuanza, maqamu kwa maqamu. Ami alikisikia kabla hakijashushwa, akasema kinanda kina mafua.

Haya, tuje kwenye kupima. Kuiunganisha tulimaliza Ijumaa moja, baina ya sala ya Ijumaa na Magharibi. Iliwaka mara ya kwanza, na mpwa wangu akataka tumwite Ami usiku ule ule. Nikakataa. Mashine inayowaka ni mashine inayowaka tu. Mzee atakayepiga mara moja hupeleki mbele yake kitu usichokijua.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha kumbukumbu. Ipo programu iitwayo MemTest86, ambayo huiwasha kompyuta bila ya mfumo wake wa kawaida na kuandika na kusoma kila pembe ya kumbukumbu, tena na tena. Tuliiacha usiku kucha. Kosa moja tu katika kumbukumbu linaweza lisionekane kwa mwezi mzima, kisha likaja kuonekana dakika ya kumi na saba ya wimbo. Asubuhi hapakuwa na kosa.

Cha pili kilikuwa cha joto, na hiki nilikifanya kwa makusudi saa nane za mchana. Tulizima kiyoyozi, tukafunga madirisha na mapazia kama itakavyokuwa siku yenyewe, tukaipa prosesa kazi ya hesabu nzito isiyokwisha, kisha tukakaa na kipimajoto kama wauguzi. Chumba kilianza nyuzi 24. Baada ya dakika arubaini kilikuwa 31, na prosesa 78. Feni iliongeza mwendo kidogo, kwa kiasi cha kusikika ukiweka sikio kwenye boksi, si zaidi. Wenye chumba ndio tulioshindwa mwanzo. Tukakata shauri kwamba Ami atapiga dakika arubaini, kisha kiyoyozi kitawashwa nusu saa, atakunywa kahawa, halafu tena.

Cha tatu kilikuwa cha ukimya. Niliweka maikrofoni pale pale udi utakapokuwa, nikafungua sauti kwa kiasi cha udi, nikarikodi dakika tano za chumba kitupu, kisha nikazisikiliza kwa sauti ya juu. Wallahi hamjui nyumba zenu zina nini. Nilisikia friji ya jikoni kupitia milango miwili. Nilisikia saa ya ukutani ya ukumbini. Nilisikia mvumo mnene usiokatika, ambao ni umeme wa nyumba wenyewe, kwani huku unakwenda mara 50 kwa sekunde, ukiingia kwenye waya wa maikrofoni uliolala sambamba na waya wa taa. Kompyuta, iliyokuwa mita tatu nyuma ya kabati la nguo, sikuisikia. Waya niliuhamisha ukapita kando. Saa niliitoa betri. Friji ilizimwa kila usiku wa kurikodi, na funguo za gari tukaziweka ndani yake, ili mtu asiondoke bila ya kuiwasha. Magodoro mawili tuliyasimamisha ukutani, zulia la pili tukatandika juu ya la kwanza, na milango ya kabati ikaachwa wazi, maana nguo zilizotundikwa humeza mwangwi kuliko kitu chochote cha kununua.

Cha nne ndicho kilichotula siku sita. Tulitaka irikodi tundu zote nane kwa saa tatu mfululizo, kwa ndoo ndogo ya 128, hali ngumu kuliko itakayokutana nayo. Tuliipa mlio mmoja usiobadilika, kama wa king'ora, kwa sababu mlio wa namna hiyo ukikatika hata kwa nukta unaonekana kwenye kioo kama mwiba. Tulihesabu miiba kumi na moja katika saa ya kwanza. Tukapandisha ndoo mpaka 512, ikabaki miwili. Mpwa wangu akasema miwili si kitu. Mimi nikamwambia, "Baba, miwili kwa saa ni mmoja katika wimbo wa Babu yenu." Akanyamaza, akaanza kutafuta.

Ipo programu nyengine, LatencyMon, ambayo haifanyi ila kukaa na kuangalia ni nani ndani ya kompyuta anayemshika mkono mtekaji maji. Kwa siku mbili ilituonesha kwamba si prosesa, si diski, wala si kisanduku cha sauti. Ilikuwa programu inayoendesha kifaa cha Wi-Fi, ambayo kila baada ya muda huinuka kutazama mitandao ya majirani, na ikiinuka inawasimamisha wengine wote. Tukakizima kifaa cha Wi-Fi kabisa. Tukazima na ile tabia ya kompyuta ya kujipunguzia umeme ikidhani haina kazi, na masasisho ya wenyewe ambayo huja bila ya kubisha hodi. Tukarudia saa tatu. Hapana mwiba. Tukarudia usiku, saa sita nzima. Hapana. Tangu siku hiyo kompyuta ile haijaunganishwa na intaneti, na ninyi mnaonilaumu kwamba sikujibu ujumbe wakati ninarikodi, hiyo ndiyo sababu.

Cha tano watu huniona nimeruka akili nikiwasimulia. Wakati inarikodi, dakika ya ishirini, nilichomoa waya wa umeme ukutani. Nilitaka kujua umeme ukikatika tunapoteza nini. Wenye kukumbuka giza la Maskati la Septemba 2022 hawataona ajabu. Programu tuliyochagua, Reaper, ambayo ilitoka mwaka 2006 na huruhusu mtu kuijaribu siku 60 kabla ya kulipa, huandika kwenye diski hapo hapo inaporikodi. Tulipoiwasha tena, tulikuta dakika kumi na tisa na sekunde kadhaa ziko salama. Hata hivyo tulinunua betri ya dharura, tukaiweka ukumbini kwa sababu nayo inavuma.

Cha mwisho kilikuwa kifupi. Unachukua waya, unaunganisha tundu la kutolea sauti na tundu la kuingizia, unapiga mlio mmoja mfupi, na unarikodi mlio huo huo ukirudi. Kisha unatazama umerudi umechelewa kiasi gani. Kwa ndoo ya 128 yetu ilikuwa milisekunde 7.9, kwenda na kurudi. Hatua tatu. Ukiijua namba hiyo, programu inaweza kuirudisha nyuma kila sauti inayoongezwa baadaye, ili fidla aliyoipiga binti yetu kule Leicester miezi mitatu baadaye ikae pale pale kwenye udi wa Ami, wala isimkimbie.

Tulirikodi kuanzia katikati ya Julai mpaka wiki ya tatu ya Agosti, baada ya Isha, usiku mmoja kwa wiki, wakati mwengine miwili. Maikrofoni moja ilielekea pahala shingo ya udi inapokutana na tumbo, kiasi cha shubiri mbili; ya pili ilikuwa ya sauti yake; mbili za chumba; nyengine za dumbak na rika wakiwapo vijana. Ami alikaa chini, kwenye mto wake mwenyewe alioubeba kutoka nyumbani. Hakuuliza kompyuta iko wapi. Usiku wa tatu alipiga wimbo wa kutoa bibi harusi nje, ambao mimi nilikuwa nikiujua kwa kusimuliwa tu, na aliupiga dakika ishirini na mbili bila ya kusita.

Nikakumbuka santuri. Siti binti Saad na wenziwe walisafiri kwa meli mpaka Bombay mwaka 1928 ili warikodiwe, na santuri za zama zile zilichukua kama dakika tatu kila upande. Wimbo ulikatwa uingie kwenye santuri. Kisha zikaja kaseti, zilizotolewa na Philips mwaka 1963, na sisi sote tuna zile ambazo wimbo unakatika katikati ya ubeti kwa sababu upande A umekwisha, na mpaka mtu amegeuza, waimbaji wameshafika mbele. Huu wa Ami haukukatwa na kitu. Kelele pekee iliyomo ni kohozi lake dakika ya tisa, na nimekataa kulifuta ingawa binti wa Leicester ameniomba mara mbili.

Operesheni ilifanyika Septemba, na tunamshukuru Mungu ilikwenda salama. Mkono unafunga vifungo vya kanzu na unashika kikombe. Kidole cha pete hakijarudi kwenye nyuzi. Udi umetundikwa ukutani chumbani kwake, na kila wiki anaufuta vumbi mwenyewe.

Katika orodha ya nyimbo kumi na nne tulizoandika pamoja naye, tumerikodi kumi na moja kwa mkono wake. Tatu zilizobaki ameziimba bila ya udi, na ameanza kumfundisha mpwa wangu vidole vyake, kwa mdomo, kila Ijumaa ninapomleta kutoka Dubai au anapokuja mwenyewe. Huyo huvaa kitu masikioni, na hurudia mara arubaini, na kompyuta haichoki naye.

Nyimbo zote zimewekwa nakala tatu, kama zilivyotoka bila ya kubanwa: moja kwangu, moja Portsmouth kwa Shangazi, moja Unguja. Mnaotaka, njooni na diski tupu, si simu, kwani zile zinazopita kwenye simu zimekwisha punguzwa. Mwenye kaseti za zamani azilete pia, lakini asizisikilize kwanza kwa redio mbovu. Kaseti hukimbia sentimita 4.76 kwa sekunde, lazima inakiliwe kwa muda wake wote, na mara nyengine kichwa cha mashine kinahitaji kusogezwa kwa bisibisi kufuata kaseti ile ilivyorikodiwa. Kazi hiyo nimeshaizoea, na zamu ipo.

Katika zile tatu, mmoja una upungufu. Ni ule wa kuwapokea mahujaji. Ami anazo beti mbili na kiitikio, na anasema beti ya tatu ilikuwa ikiimbwa na wanawake peke yao, ndani, na yeye alikuwa mtoto wa nje. Mabibi waliokuwa ndani wakati ule, Portsmouth na Toronto, mmoja wenu anaijua. Tafadhalini mpigieni Shangazi kabla ya Ramadhani.